Jack Russell wa Lubumbashi ni wa ukoo mmoja

Karibu kila mbwa wa Jack Russell, yule teria mdogo wa kuwinda wanyama wa shimoni, ninayemjua hapa Lubumbashi ni ndugu wa mwenzake. Yule mwenye baka la kahawia jichoni anayelinda duka la vipuri Kampemba, yule jike anayelala juu ya magunia kwenye depo ya unga karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, yule dume aliyepelekwa Kipushi mapema mno, na Kafupi wetu hapa Kamalondo: ukiwarudisha nyuma wote unafika kwenye nyumba moja ya mtaa wa Golf. Alikaa pale mgeni wa kazi za migodi, aliyevuka mpaka wa Kasumbalesa na mbwa wawili kutoka Afrika Kusini. Mkataba wake ulipokwisha, familia ikarudi kwao. Watoto wa wale mbwa wakabaki kwa dereva, kwa mpishi, kwa zamu (mlinzi wa nyumba), na kwa jirani aliyezoea kuwasifu kupitia uzio. Baadaye jike wa mpishi akapandwa na dume wa zamu, kaka yake wa tumbo moja. Dume mwingine wa namna ile hakuwepo jirani, na kila mtu alitaka watoto wanaofanana na mama yao: weupe, masikio yaliyokunjika, miguu mifupi.

Hapo ndipo penye tatizo, na ndiyo sababu ninaandika. Sisi watu wa Katanga kabla ya kuoana tunauliza ukoo. Wazee wanakaa, wanataja mababu, wanahesabu vizazi, na wakikuta damu inakutana wanasema hapana, hata kama vijana wanalia. Kwa mbwa hatuulizi kitu. Tunaangalia rangi tu.

Kazi yangu ni ya maabara. Ninapima malaria, ninapima sukari, na karibu kila juma wanakuja wachumba ambao mchungaji wao amewatuma wapime damu kabla ya harusi. Wengi wanaogopa UKIMWI. Mimi ninaogopa zaidi karatasi mbili zinazoandikwa AS, yaani kila mmoja amebeba upande mmoja wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, ana ugonjwa wa SS, yaani selimundu yenyewe, ninajua usiku wake ukoje, na ninajua kwamba Papa na Mama hawakuwahi kuumwa hata siku moja kwa ajili ya damu ile. Walikuwa wameibeba tu, kila mmoja upande wake, bila habari. Kwa hiyo daktari wa wanyama aliponieleza kilichomkuta Kafupi, hakuhitaji kunichorea mchoro.

Kafupi aliingia kwetu kupitia Papa, aliyepewa na yule dereva. Mama aliguna alipoona kimbwa cha kilo sita hivi, kisicho na urefu wa kufika hata goti, akasema huyu atamlinda nani. Kisha panya wakaanza kupungua katika depo yake ya unga wa mahindi. Aliyewahi kuhifadhi unga wa bukari anajua hasara ya panya: gunia linatobolewa chini, unga unamwagika, na uliobaki unanuka mkojo. Kafupi alikuwa akijipenyeza katikati ya magunia, anatulia, halafu unasikia mlio mmoja tu. Hakuwa akila panya wake. Alikuwa akiwapanga mlangoni ili Mama awaone asubuhi.

Ile si tabia aliyofundishwa hapa. Aina hii ya mbwa ilianzia Devon, Uingereza, kwa kasisi John Russell, aliyezaliwa mwaka 1795 na kufariki 1883, mtu aliyependa kuwinda mbweha karibu sawa na kuhubiri. Inasimuliwa kwamba mwaka 1819, akiwa mwanafunzi Oxford, alimnunua kwa muuza maziwa jike mmoja mdogo mweupe aitwaye Trump, na huyo ndiye aliyeanzisha ukoo. Russell alitaka mbwa mwenye pumzi ya kufuata farasi na kifua chembamba cha kuingia katika shimo la mbweha. Hakuwazalisha kwa ajili ya maonyesho. Chama cha mbwa cha Uingereza kiliwatambua wale wenye miguu mirefu, wanaoitwa Parson, mwaka 1990, na hawa wafupi mwaka 2016 tu. Kwa muda wote huo walikuwa mbwa wa kazi, na mbwa wa kazi aliyepofuka au aliyelemaa shimoni hakutafutiwa mwenzi. Hapa mjini hakuna mbweha wala shimo la kuwachuja. Kilichobaki ni macho yetu, na tumeyatumia kutazama mabaka.

Sasa jicho. Kafupi alikuwa amefika umri wa miaka mitano hivi. Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, wakati vumbi jekundu linaingia hata ndani ya sahani, na jicho lake la kushoto likaanza kutoa machozi. Jioni likawa limefumba. Zamu wetu, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi na nyoka wa mji huu, akasema mara moja: “Ni nyoka ilimutemea mate mu macho.” Lilikuwa wazo la maana. Swila wapo huku, wanaingia kwenye marundo ya mbao, na sumu yao machoni huleta hivyo hivyo: wekundu, machozi, jicho kufumba. Tukalisafisha kwa maji mengi. Jirani wa upande wa pili alisema hajaona nyoka yeyote, na kwamba mbwa amerogwa kwa sababu ya biashara ya Mama. Kesho yake asubuhi jicho lilikuwa na ukungu wa rangi ya bluu, na Kafupi alikuwa akisukuma kichwa chake ukutani kwa maumivu.

Tukampeleka kwa veterineri, daktari wa wanyama. Alizima taa, akawasha tochi ndogo, akaangalia kutoka pembeni badala ya kuangalia moja kwa moja. Akagusa jicho kupitia kope kwa ncha ya kidole, la kushoto kisha la kulia, akaniambia niguse na mimi. La kushoto lilikuwa gumu. Akaniambia: “Mama, hii si nyoka. Hii ni ya mu damu. Bazazi yake beko wapi?”

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi. Haikubandikwa mahali, imening'inizwa. Nyuzi nyembamba sana zinaivuta kutoka pande zote kama kamba zinavyovuta ngozi ya ngoma. Kwa mbwa wenye ugonjwa huu nyuzi zinatengenezwa dhaifu tangu mwanzo. Kwa miaka kadhaa zinashika. Kisha, mara nyingi kati ya umri wa miaka mitatu na minane, zinaanza kukatika moja moja mpaka lenzi inalegea na kuhama. Ikianguka nyuma, jicho linaweza kukaa kwa muda bila balaa kubwa. Ikitokea mbele, ikapita kwenye mboni na kukaa nyuma ya kioo cha jicho, inaziba njia ya maji yanayotakiwa kutoka. Maji yanaendelea kuzalishwa, hayana pa kwenda, presha ya jicho inapanda, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa. Hayo ni mambo ya saa na siku. Jicho la Kafupi lilikuwa limefika huko. Hospitali zenye mabingwa huitoa lenzi yenyewe kwa upasuaji, na jicho lililowahiwa hubaki likiona, ingawa kwa ukungu. Lile la Kafupi lilikuwa limeshakufa na bado linauma, na jicho la namna hiyo kulitoa ni kumwonea huruma mnyama. Lilitolewa. Siku chache baadaye alikuwa anadai chakula kwa sauti ileile ya zamani, na hapo ndipo tulipotambua alikuwa ameteseka kiasi gani.

Ugonjwa huu hupiga macho yote mawili. Ni mara chache yanaachana kwa miezi mingi. Kwa hiyo shughuli ilihamia jicho la kulia. Veterineri alinionyesha kwamba sehemu ya rangi inayozunguka mboni ilikuwa ikitetemeka kidogo kila Kafupi alipogeuza kichwa, kwa kuwa lenzi iliyo nyuma yake haikuwa tena imekazwa vizuri. Lenzi ilikuwa bado upande wa nyuma, na hiyo ndiyo nafasi ya dawa. Kuna matone yanayoitwa latanoprosti, ambayo watu wenye glakoma, yaani presha ya jicho, wanayajua, na famasi nyingi za mjini zinayo. Kwa mbwa yanabana mboni ikawa tundu dogo, na lenzi inakosa mlango wa kutokea mbele. Mama ndiye anayemtia, kila jioni akimaliza hesabu za depo. Kafupi amejifunza kukaa mwenyewe mbele ya kiti chake.

Tafadhali, kwa yeyote anayesoma hapa akiwa na tone mkononi: usijaribu bila kumwona veterineri kwanza. Tone hilohilo likitiwa wakati lenzi imeshatoka mbele linaifungia huko huko na kuongeza ubaya. Na yale matone ya kupanua mboni, atropini, ambayo wengine wanashauriana kila jicho linapouma, yanaifungulia lenzi njia. Ninajua jinsi tunavyonunua dawa hapa. Tunaeleza dalili kwa muuzaji, anatupa kichupa. Kwa jicho la teria, usifanye hivyo.

Ninarudi kwenye damu. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani na Uingereza walitangaza kosa lililo ndani ya jeni iitwayo ADAMTS17, na kosa hilohilo limekutwa kwa aina zaidi ya kumi za mbwa, nyingi zikiwa teria au za damu ya teria. Anayepata kosa hilo kwa mama na kwa baba pia, nyuzi zake zitalegea. Aliyelipata upande mmoja ni mbebaji, na kwa kawaida macho yake yanabaki salama, ingawa wachache kati ya wabebaji nao huugua. Kwa Mkongo hili halihitaji darasa. Hapa kwetu karibu mtu mmoja kati ya wanne ana AS, anacheza mpira, anabeba mizigo, anazeeka. Akikutana na AS mwenzake, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta SS, mbili kati ya nne za kuleta AS, na moja ya kuleta AA, asiyebeba kitu. Kila mimba kivyake. Wanne wanaweza kuzaliwa wote wazima na wa tano akawa mgonjwa. Kwa mbwa ni hesabu ileile, ila hapo wanazaliwa watano kwa siku moja.

Kuna tofauti moja iliyonikosesha usingizi kuliko yote. Mtoto wa SS anajulikana mapema, mikono na miguu inavimba kabla hajajua kutembea vizuri. Mbwa mwenye lenzi dhaifu hajulikani mpaka amekuwa mtu mzima. Anapandwa akiwa na miaka miwili, anazaa tena akiwa na mitatu, watu wanasifu watoto wake, wananunua, na yeye anaona vizuri kabisa. Anapopofuka, wajukuu wake wameshatawanyika mjini. Kafupi alikuwa amezaa mara mbili.

Kwa kuwa yeye ana kosa pande zote mbili, kila mtoto wake amelipokea moja. Hapo hakuna bahati wala kupima. Kinachobaki ni swali la baba zao.

Ndiyo nikaanza kuwatafuta. Nilichukua daftari la maabara lililoisha kurasa za mbele, nikaanza na Papa, Papa akanipeleka kwa dereva, dereva akanipeleka kwa mpishi, ambaye sasa amestaafu anaishi Katuba. Huyo mzee ana kumbukumbu ya ajabu. Alinitajia watoto wa kila uzao kwa mabaka yao. Nilimuuliza kuhusu jike la kwanza kabisa, lile lililotoka Afrika Kusini. Akanyamaza kidogo, akasema: “Ile mama yao ilikuwaka inagonga mu biti. Benye nyumba balisema ni buzee.” Yaani alikuwa akigonga viti. Nikamuuliza alikuwa na miaka mingapi. “Sita, ao saba.” Mbwa hawa wanaweza kuishi miaka 13, wengine 15 na zaidi. Sita si uzee.

Safari ile ya nyumba kwa nyumba ilinionyesha kwamba jicho si jambo la pekee katika ukoo huu. Yule wa duka la vipuri anatembea vizuri, halafu ghafla anainua mguu mmoja wa nyuma, anaruka hatua mbili tatu kwa miguu mitatu, anaunyoosha, anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Mwenyewe anafurahia, anasema ni madaha yake. Ni pia ya goti, kile kifupa kinachofunika goti kwa mbele. Kwa mbwa wadogo mfereji ambamo pia inateleza huwa wa kina kifupi, au mfupa umejipinda kidogo, na pia inachomoka kwenda upande wa ndani. Madaktari wanaipanga katika ngazi nne: ya kwanza inatoka ukiisukuma na kurudi yenyewe, ya nne imekaa nje siku zote na mguu umepinda. Wa duka la vipuri huenda ni wa ngazi ya pili. Nilimwambia mwenyewe asimnenepeshe, kwa sababu kila kilo inayozidi inalipwa na goti, na asimpandishe. La kwanza alilikubali. La pili alisema tutaona. Goti halina jeni moja ya kupimwa, linatokana na mchanganyiko wa mengi, kwa hiyo kinga iliyopo ni mkono wa veterineri kulishika goti la dume na la jike kabla ya kuwakutanisha.

Kwa familia moja ya Ruashi nilikuta dume mwenye paja moja lililosinyaa. Alianza kuchechemea akiwa na miezi saba, wakadhani amepigwa jiwe na watoto. Picha ya eksirei ilionyesha kichwa cha mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga, kimemomonyoka. Ugonjwa huo unaitwa Legg-Calvé-Perthes, kwa majina ya madaktari watatu, Mmarekani, Mfaransa na Mjerumani, walioueleza kwa watoto wa watu mwaka 1910. Damu inaacha kufika kwenye kile kichwa cha mfupa, mfupa unakufa, unavunjikavunjika kwa uzito wa mwili. Unawashika mbwa wadogo wakiwa na miezi minne hadi mwaka mmoja, na katika aina kadhaa za teria unafuata familia. Habari nzuri ni kwamba kile kichwa kikikatwa, misuli inashika nafasi yake na mbwa mwepesi anarudi kukimbia. Huyu wa Ruashi hajakatwa, anaishi kwa dawa za maumivu, na nilimwona akijaribu kumfukuza kuku kwa miguu mitatu. Nimemwomba mama mwenye nyumba ampeleke wakapange upasuaji. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha udaktari wa wanyama, si kwamba tunaishi porini.

Habari ya Kipushi ni ya huzuni zaidi. Yule dume alizalisha huko na dada yake, na katika uzao ule watoto wawili walianza kuyumba kabla ya kufikisha miezi sita. Miguu ya nyuma ilirushwa juu kupita kiasi, kona za nyumba wakizikosa, na mmoja akawa anatetemeka misuli chini ya ngozi mpaka mwili unapata joto la hatari. Hakuishi. Katika mbwa wa ukoo wa Russell kuna maradhi mawili ya kurithi ya sehemu ya ubongo inayosimamia mizani ya mwili. Jeni ya moja, CAPN1, ilitajwa mwaka 2013, na ya pili, KCNJ10, mwaka 2014. Yote mawili yanahitaji kosa kutoka kwa wazazi wote wawili. Lakini lazima niwe mwangalifu hapa. Mbwa anayetetemeka Katanga anaweza kuwa na distempa, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa wasiochanjwa. Anaweza kuwa amekula sumu ya panya. Anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, na huyo hutakiwi hata kumgusa mdomo. Wale wa Kipushi hawakupimwa, kwa hiyo daftarini nimeandika dalili na umri tu, sikuandika jina la ugonjwa. Niliandika pia kwamba wazazi wao walikuwa kaka na dada. Hilo halihitaji kipimo.

Uziwi nao umo, hasa kwa walio weupe sana kichwani. Chembe zinazotoa rangi zinahitajika pia ndani ya sikio, zikikosekana, sikio linakufa mtoto akiwa na majuma machache. Ukitaka kumjua kiziwi, piga sufuria nyuma yake akiwa amelala, mbali ya kutosha asihisi upepo wala mtikisiko. Kiziwi wa sikio moja ataamka na hutamjua bila mashine, na huyo ndiye anayeendelea kuzaa.

Watu wananiuliza: basi tuwaache? Hapana. Huyu ni mbwa mwenye akili, anayeishi miaka mingi, anayefanya kazi, na wengi wao hawataugua chochote katika haya. Ninachokataa ni kumpandisha binti kwa baba yake kwa sababu mnunuzi anataka mabaka yanayolingana. Nami nina maoni ambayo wauzaji wa watoto wa mbwa hawayapendi: dume bora kwa jike la ukoo huu, leo, ni mbwa wetu wa mtaani wa Katuba au Kenya, mwenye afya, aliyefika umri mkubwa akiwa na macho yote mawili. Watoto watakuwa na rangi ya mchanganyiko na masikio ya kusimama. Panya hawaangalii masikio. Mbebaji akikutana na asiyebeba, hakuna mtoto atakayekuwa na kosa pande zote mbili, na hii ndiyo sababu pia sitaki mtu asikie habari hizi kisha awafukuze wabebaji wote nyumbani. Tukiwaondoa wote kwa mkupuo, watakaobaki watakuwa wawili watatu wanaozaliana wenyewe kwa wenyewe, na mambo mengine yatatoka mafichoni.

Kwa anayetaka uhakika, kipimo cha jeni ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Hakihitaji damu wala barafu. Unachukua brashi ndogo au kijiti cha pamba, unakisugua ndani ya shavu la mbwa ambaye hajala muda mfupi uliopita, na kama ni mtoto, atengwe kwanza na maziwa ya mama, kwa sababu maziwa yana chembe za mama. Unakiacha kikauke hewani. Unakitia katika bahasha ya karatasi, usitumie plastiki, maana unyevu unaleta kuvu na kuvu inakula ulichokichukua. Andika jina la mbwa juu ya bahasha kabla ya kumshika mbwa wa pili. Maabara zipo Afrika Kusini na Ulaya, na gharama ni makumi ya dola kwa jeni moja. Si pesa kidogo kwa mtu wa Lubumbashi. Ni chini ya bei ya mtoto mmoja wa mbwa, kama anavyouzwa pembeni ya barabara ndani ya katoni.

Binamu yangu ni dereva wa malori ya shaba, anashuka mpaka Afrika Kusini. Alibeba bahasha mbili. Moja ilikuwa ya Kafupi, nilitaka kuona kwa maandishi yale aliyoyaona veterineri kwa tochi. Karatasi ikathibitisha: kosa pande zote. Ya pili ilikuwa ya dume aliyempanda mara zote mbili, mbwa mzima, mwenye macho makali, anayependwa na mtaa mzima. Ni mbebaji. Maana yake kila mtoto wa Kafupi yuko nusu kwa nusu: mbebaji kama baba, au mgonjwa wa kesho kama mama.

Nilizipeleka habari hizo nyumba kwa nyumba, kwa sababu simu haifai kwa jambo kama hili. Mwenye depo ya unga karibu na soko la Kenya, mwanamke mwenye heshima zake ambaye Mama anamwita yaya, alinisikiliza mpaka mwisho, akamwita jike wake, akaniambia nimuonyeshe jinsi ya kuangalia. Tulifunga mlango, tukawasha tochi ya simu kutoka pembeni. Nilimweleza dalili: wekundu, machozi, kupepesa, mtetemo wa ile sehemu ya rangi, au mstari mwembamba uliopinda ndani ya mboni, pale ukingo wa lenzi unapoanza kuonekana mahali usipotakiwa kuonekana. Macho yake yalikuwa safi. Bado hajafika miaka mitatu. Sasa anamwangalia kila Jumapili akirudi kanisani, na ameahidi hatampandisha mpaka naye apimwe. Bwana mmoja wa Bel Air hakunipokea hivyo. Alikuwa na oda za watoto wa mbwa, akasema ninamharibia biashara kwa maneno ya maabara. Nilimwachia namba ya veterineri kwenye karatasi, na mbwa wake nimemwandika daftarini pamoja na wengine.

Kuna mmoja ambaye bado sijampata. Ni dume wa uzao wa kwanza wa Kafupi, mweupe mwili mzima isipokuwa baka moja jeusi kwenye mzizi wa mkia na nusu ya sikio la kulia. Alichukuliwa na fundi wa umeme aliyehamia Likasi, na simu yake ya zamani haiiti tena. Kama mbwa yupo hai, anakaribia miaka minne. Aliye Likasi na amemwona, amwambie mwenyewe amwangalie macho kwa tochi leo jioni, na asimpandishe kwanza.